Safari ya Kutafuta Chambo: Kutoka Kisarawe hata Mto Ruvu

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za safari tuliyoifanya kutoka Kisarawe hata Mto Ruvu, upande wa Kibaha. Haikuwa safari ya arusi wala ya maziko, bali ya kwenda kujifunza namna ya kutia chambo katika ndoana. Labda yuko atakayecheka akisema kwamba hilo ni jambo la watoto. Naam, na sisi tulidhani hivyo, mpaka jambo la watoto lilipoingia nyumbani kwetu na kutuondolea usingizi.

Karibu na mtaa wetu liko lambo. Maji yake yatoka katika mvua za masika, nayo hukaa hata karibu na vuli. Ng'ombe wachache hunywa humo, akina mama hufulia kando yake, na samaki wake, perege na kambale, wamekuwa kitoweo cha nyumba nyingi kila siku ambayo fedha haikutosha kwenda sokoni. Basi kijana wetu mmoja, wa miaka 14, pamoja na wenzake wawili, walichukua chandarua kipya chenye dawa, wakakifunga mawe pembeni, wakalikokota lambo lote toka upande huu hata upande wa pili. Walipata ndoo mbili za samaki, wengi wao si wakubwa kuliko kidole. Siku ya pili waliosalia wakaonekana wakielea, matumbo juu, meupe. Maana dawa ile ya chandarua, ambayo kwa mtu haina neno na kwa mbu ni mauti, kwa samaki ni sumu kali mno.

Wazee wa mtaa walikaa baraza. Hawakutupiga faini. Mzee mmoja alituambia tu, "Waalimu, mtoto wenu ametumaliza," akajifunga shuka yake akaondoka. Neno hilo lilitulemea kuliko faini. Hawakumkataza mtu ndoana, ila walikata shauri kwamba mtu yeyote asiingie lambo lile na wavu wa namna yoyote kwa mwaka mzima. Yule kijana akawa hatoki nje ila kwenda shule, kwa sababu ya haya.

Tulishauriana usiku kucha. Fimbo haitarudisha samaki. Kumwambia kwamba Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza sumu na baruti kulikuwa kweli, walakini kijana aliyekwisha kuona aibu hahitaji kusomewa sheria. Alihitaji kujua namna nyingine ya kupata kitoweo. Nasi, twakiri, hatukuijua. Sisi ni watu wa chaki na vitabu; katika maisha yetu tumevua samaki sokoni tu.

Tena palikuwa na kikasha. Kaka yake mkubwa, aliyeko Ufini kwa masomo, aliposikia habari hii alimletea mdogo wake kikasha cha ndoana, pamoja na barua ya kumtuliza moyo. Ndani yake mlikuwa na vitu vidogo vya ajabu: vitone vya shaba na visamaki vya bati ving'aavyo, vikubwa kama ukucha wa kidole gumba, kila kimoja na ndoana ndogo kama miba ya mlimau. Barua ilieleza kwamba Wafini huvitumia wakati wa baridi, ziwa likiwa limeganda. Mtu hutembea juu ya maji kama juu ya sakafu, hutoboa tundu katika barafu kwa keekee kubwa, hukaa juu ya kigoda, na kuteremsha mshipi mwembamba kwa kifimbo kifupi kama mwiko. Uvuvi huo wao huuita pilkki.

Kijana akauliza, nasi pia tukajiuliza, samaki waishije chini ya barafu? Jibu lake lastahili kujulikana na kila mwalimu. Maji yakipoa huwa mazito, na uzito wao hufika kilele katika digrii 4. Yakizidi kupoa chini ya hapo huanza tena kuwa mepesi. Kwa hiyo barafu huelea juu mfano wa kifuniko cha chungu, na maji ya digrii 4 hukaa chini. Humo samaki huishi. Lakini mwili wake umepoa, haendi mbio, na chakula chake ni kidogo. Ndiyo maana Wafini hutumia chambo kidogo sana, pengine funza mmoja wa nzi tu, na kukichezesha polepole juu na chini mpaka samaki aone hamu.

Basi tukaondoka Kisarawe siku ya Jumamosi, alfajiri, sisi waalimu wawili na yule kijana, na kikasha chake kifuani kama mtu aliyechukua mayai. Tulitaka kwenda Ruvu kwa sababu tulisikia kwamba wako wazee pale wavuao kwa mshipi tangu utoto wao.

Njia tuliyoifuata ni ile ya kusini, ipitayo Maneromango na Mzenga kisha kugeukia Mlandizi. Nyuma yetu tuliiacha misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo asubuhi huvaa ukungu hata ukadhani uko mlimani kweli. Mbele yetu ilikuwa nchi ya Wazaramo kama ilivyo siku zote: mikorosho yenye vivuli vizito, minazi, mihogo, na mananasi yaliyopangwa kando ya njia yakingoja mnunuzi. Maneromango tulisimama kunywa chai. Mji huu ulikuwa kituo cha misheni tangu miaka ya 1890, na miembe yake ni mikubwa hata watu wazima wanne wakishikana mikono hawaizungushi mmoja wao. Maandazi ya pale ni mazuri. Tumeona yafaa kuyataja.

Toka Mzenga njia yashuka kuelekea bonde, ikavuka reli mbili. Ya kwanza ni ile ya zamani, iliyofika Morogoro mwaka 1907. Ya pili ni hii mpya iendeshwayo kwa umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Tulipokuwa tukingoja, gari moshi lisilo na moshi likapita mara moja kama upepo, na kijana wetu, ambaye hakusema neno tangu alfajiri, akasema, "Lo!" Tulifurahi kuisikia sauti yake.

Mto Ruvu, kwa wasioujua, watoka katika milima ya Uluguru na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Watu wa pwani hii hawawezi kuishi pasipo mto huo. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959, na Dar es Salaam yanywa maji yake hata leo. Nasi Kisarawe tulifikiwa na bomba litokalo huko mwaka 2020. Mvua zilipokosekana mwaka 2022, mto ukapungua hata maji ya mjini yakagawiwa kwa zamu. Mvua zilipozidi mwaka 2024, bonde lote likafurika. Ni mto wa tabia mbili, na wavuvi wake wamejifunza kuishi na zote.

Mzee tuliyemtafuta tulimkuta chini ya mkuyu, akitengeneza mgono wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mwatoka mbali, viatu vyenu vyasema."

Tulimweleza haja yetu, wala hatukuficha habari ya chandarua. Alimtazama kijana kwa muda mrefu. Hakumkemea. Alimwambia, "Mjukuu wangu, hata mimi nilipokuwa kama wewe tulitwanga utupa tukautia katika kidimbwi. Samaki walilewa wote. Tulikula siku moja, tukalala na njaa miezi mitatu. Haya, nionyeshe kikasha chako."

Kijana akakifungua. Mzee akakishika kisamaki kimoja cha bati kwa ncha za vidole, akakigeuza juani, akacheka hata akakohoa. "Hiki ni kizuri," akasema. "Kitieni masikioni mwa bibi arusi. Katika Ruvu nani atakiona?"

Tukautazama mto. Maji yalikuwa ya rangi ya chai yenye maziwa, maana mvua zilikuwa zimenyesha huko juu. Hapo ndipo tulipoanza kuelewa. Chini ya barafu maji ni matulivu, na tope lake limetua. Samaki aona, kwa hiyo hudanganywa kwa kitu king'aacho. Katika Ruvu iliyochafuka samaki hatafuti kwa macho bali kwa harufu na kwa kugusa. Kambale ana sharubu nane mdomoni, na kwa hizo hupapasa tope gizani, huku akionja, kama mtu apapasaye kiberiti usiku. Kwake yeye, chambo kisichonuka si chambo.

Mzee akatufundisha kwa matendo, si kwa maneno mengi. Kwanza alichimba kando ya migomba, akatoa nyungunyungu wanene, akawaweka katika kifuu pamoja na udongo wao na jani bichi juu. Hakuwaosha. Akaonyesha namna ya kumtunga mmoja: ndoana humpitia mara mbili au tatu, na mkia huachwa ukicheza. Akisema, "Ukimtunga wote, atakuwa uzi tu. Mwache aite."

Kisha akatoa kifurushi kilichofungwa kwa mfuko wa nailoni, na alipokifungua tulirudi nyuma hatua mbili. Ulikuwa utumbo wa kuku uliokaa siku nzima juani. Huo ndio chambo cha kambale wakubwa na cha usiku, na wake za wavuvi, alisema, huupenda uvuvi huo ukiwa mbali na nyumba. Kitoga, ambaye naye huwinda usiku, hataki utumbo sana. Yeye hutiliwa kisamaki kidogo kizima, kilichotungwa mgongoni ili kiogelee. Jambo kama hilo lajulikana hata katika Ziwa Viktoria, ambako watoto wa kambale hufanywa chambo cha kumvulia sangara. Hivyo samaki ambaye kwetu ni kitoweo, huko ni chambo.

Perege ni habari nyingine kabisa. Chakula chake ni ukoga na majani madogo ya majini, wala hajali utumbo. Yeye hutegewa donge la ugali lililokandwa na pumba za mahindi, dogo kama punje ya kunde, gumu kiasi cha kutoyeyuka upesi. Majira ya kumbikumbi, mvua za kwanza zinapoanguka, hata perege husahau adabu zake na kuwadaka juu ya maji.

Kuhusu ndoana zenyewe, tulipata somo ambalo sisi waalimu wa hesabu hatukulipenda: namba ikizidi, ndoana hupungua. Ndoana namba 12 ni ndogo kuliko namba 8, na namba 8 ni ndogo kuliko namba 4. Perege ana mdomo mdogo, nasi tulikuwa tumenunua dukani ndoana kubwa, tukidhani ya kwamba ndoana kubwa huleta samaki mkubwa. Huleta chambo kilicholiwa, basi.

Namna ya kufunga mshipi pia yategemea samaki. Kwa perege, mzee alitumia ufito wa mwanzi, mshipi mwembamba wa nailoni, na chelezo kilichokatwa katika kandambili kuukuu, kiasi cha shubiri mbili juu ya ndoana. Chelezo kikizama au kikienda upande, mtu huinua, wala havuti kama avutaye ndoo kisimani. Kwa kambale, chelezo huondolewa. Hutiwa chubwi ya kukaa chini kabisa, na ndoana hufungwa kwa kigwe kirefu kidogo mbele yake. Chubwi yake ilikuwa nati kuukuu ya gari, na mshipi ulipita katika tundu lake pasipo kufungwa; fundo dogo lilizuia nati isiifikie ndoana. Tuliuliza sababu. Akajibu kwamba kambale akiondoka na chambo, mshipi hupita ndani ya nati, naye hasikii uzito. Nati ikifungwa kwa nguvu, mara husikia, hutema. Twaona hakuna mhandisi angaliweza kutengeneza jambo hilo kwa bei ndogo kuliko ile.

Tuliketi yapata saa tatu. Kijana alipata kambale wawili kwa nyungunyungu, sisi tulipata kasa mdogo wa mtoni, ambaye mzee alimfungua akamwacha aende, na mwenzetu mmoja alipata kukwaruzwa na miba. Kisha likatokea jambo ambalo hatupendi kulikumbuka.

Mshipi wa kijana ulinasa katika gogo, hatua nne au tano toka ukingoni. Ulikuwa mshipi mpya, naye ni mtoto aliyejua kwamba fedha yake ilitoka katika mshahara wetu. Pasipo kusema neno akavua viatu akaingia majini hata magotini. Mzee hakupiga kelele. Alimrukia, mtu wa miaka ile, akamshika ukosi wa shati, akamtupa ukingoni kama gunia. Tena akaokota bonge la udongo akalitupa karibu na gogo. Umbali mfupi ng'ambo ya gogo kitu tulichokidhania kipande cha ubao kikazama taratibu, bila ya kutikisa maji.

Hakuna aliyesema. Mikono yetu ilitetemeka hata hatukuweza kukunja mishipi. Hatimaye mzee akachukua kisu, akaukata ule mshipi ulionasa, akasema kwa upole, "Ndoana huuzwa Mlandizi." Akatueleza kwamba yeye hakai mahali pamoja siku mbili mfululizo, maana mamba hujifunza njia ya mtu; hachoti maji ukingoni kwa kuinama, wala hasafishi samaki pale avuapo. Ufito wake ni mrefu, si kwa sababu ya samaki, bali ili yeye akae mbali na maji. Wenye watoto wakaao bondeni, maneno hayo yasomeni kwa sauti nyumbani.

Tulipoagana tulitaka kumpa fedha, akakataa. Akakubali sukari na majani ya chai tuliyoyachukua kwa ajili ya njia. Aliomba pia kisamaki kimoja cha bati, na tulidhani ni cha kumpa mjukuu. Kumbe alikitundika katika kofia yake.

Tulirudi kwa barabara kuu, Mlandizi hata Kibaha mjini. Tulipita Tumbi, penye Shirika la Elimu Kibaha, nasi tukamwonyesha kijana majengo yake. Shirika hilo lilianza mwaka 1963 kwa mapatano ya Tanganyika na nchi za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmarki, Norwe, Uswidi na Ufini, likakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970; lina shule, hospitali, na mafunzo ya wakulima. Kijana akauliza kama watu wale waliotoka katika nchi za barafu walivua samaki Ruvu. Hatukuwa na jibu. Akasema, "Kama walivua kwa vile visamaki, walirudi mikono mitupu," na tukacheka wote watatu, kwa mara ya kwanza tangu lile gogo. Usiku ulitukuta njiani upande wa Kibamba, na Kisarawe tulifika wakati taa za nyumba nyingi zimekwisha kuzimwa.

Kambale wale wawili hatukuwala. Kijana alikuwa amewaweka katika ndoo yenye maji kidogo na majani mabichi, kwa maana kambale aweza kuvuta hewa ya juu, nao walifika wazima. Asubuhi akaenda na ndoo hiyo kwa yule mzee wa mtaa aliyesema, "Ametumaliza," akamwomba ruhusa awatie lambo. Mzee akafikiri, akasema, "Kambale hula watoto wa perege. Wa kwanza tutie perege." Akawachukua wale kambale akawapikisha kwa nazi, akamwita kijana kula naye. Perege wachanga walipatikana baadaye kwa jirani afugaye samaki katika bwawa lake.

Sasa miezi minane imepita. Vuli imekwisha, maji ya lambo yametulia, nayo ni maangavu hata waona nyasi za chini. Jumapili iliyopita, baada ya chakula, tulimkuta kijana amekaa ukingoni pamoja na wale wenzake wawili. Alikuwa amefunga kitone kimoja cha shaba cha Ufini, kile kidogo kabisa, na juu ya ndoana yake ametunga kipande cha nyungunyungu. Alikuwa akikiinua na kukishusha polepole, kama barua ya kaka yake ilivyosema. Perege mmoja akakitazama, akazunguka, akarudi, akakitwaa.

Alimtoa majini, akamfungua mdomo kuitoa ndoana, mara vikamwagika kiganjani vijisamaki vidogo kama mbegu za ufuta, vyenye macho. Ni desturi ya perege jike kuatamia mayai na watoto wake kinywani, na wakati huo hali chakula. Huyu sijui alishawishiwa na nini. Wale wenzake wakapiga kelele, "Mkubwa huyo! Mtie ndooni!" Kijana akashusha mkono wote majini mpaka kwenye kiwiko, akakaa hivyo kwa kitambo kirefu, vidole wazi, akingoja watoto wamrudie mama yao.